Foleni ya Ghala Namba Nne

Kila asubuhi mchoma magunia alijifunga kanga kiunoni, akapanda ngazi ya mbao hadi kwenye gunia la juu kabisa, akalidunga bambo, akakinga punje kiganjani. Bambo ni chuma chembamba chenye uwazi katikati, kinachotoa mahindi ya ndani bila kufumua mshono. Mbili aliziuma kupima ukavu, akazitema. Zilizobaki alizipeleka kwenye kopo la karani. Ukimeza punje, huna kazi.

Na mahindi yenyewe yalikuwa mazuri jamani, tuseme ukweli. Tangu ije mbegu mpya, na mbolea, na mifereji ya maji, shamba lililokuwa likitoa magunia sita lilitoa thelathini. Bwana shamba alilia kwa furaha mbele za watu. Zikajengwa ghala tatu, ikaongezwa ya nne, nayo ikajaa mpaka kwenye mabati. Meneja akasema halitoki hata gunia moja mpaka bei ipande. Basi ghalani yamefurika, dukani hakuna, na binti wa mchoma magunia, mtoto wa miaka sita, anakunywa uji mwepesi mpaka kitako cha bakuli kinaonekana.

Habari za mavuno zilifika makaburini. Jumatatu walikuja wale waliokufa mwaka wa njaa, kila mtu na bakuli lake, wakapanga foleni getini. Hawakusukumana. Mlinzi aliwauliza kama wana kibali, wakasema hawana. Karani alinung'unika kwamba hana tena pa kuegesha baiskeli.

Wa mbele kabisa alikuwa mama yake mchoma magunia, aliyemwacha akiwa bado anatambaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo, na mahindi yote haya?"

"Hayatoki, mama."

"Yanangoja nini?"

"Bei."

Mama aliitazama ghala toka chini mpaka juu. "Sisi tulikufa kwa sababu hayakuwepo," alisema. "Nikadhani shida ilikuwa hiyo tu."

Kwa kuwa nyumbani hakukuwa na wa kumwangalia, binti akawa anashinda kwenye foleni na bibi yake. Bibi alimsuka nywele, akamfundisha kushika bakuli kwa mikono miwili. Jumatano mtoto alishindwa kuinuka kitandani.

Siku hiyo mchoma magunia alijisemea liwalo na liwe. Alipouma punje hakuzitema. Alizibana shavuni moja moja mpaka zikafika kumi na moja, akashuka ngazi na kwenda getini kama mtu mwenye jino bovu.

"Fungua mdomo, dada," mlinzi alisema.

Alitikisa kichwa. Machozi yakaanza kumtoka.

"Najua mtoto anaumwa. Fungua tu. Nami nina wangu."

Punje zilitiwa kwenye bahasha, zikaandikwa, zikarudishwa ghalani. Mlinzi alimwombea msamaha kwa meneja, na meneja, ambaye hakuwa mtu mbaya, akamwachia kazi yake. Mchoma magunia alirudi nyumbani mikono mitupu, akilia barabarani bila kujificha.

Alfajiri alimfunika binti yake shuka mpaka usoni. Majirani wakachukua majembe wakachimbe. Yeye akaenda kazini kuomba ruhusa.

Binti alikuwa ameshafika. Alisimama mbele ya foleni, nywele zimesukwa vizuri, bakuli mikononi.

"Shikamoo, mama. Bibi kanipa nafasi yake."

"Marahaba, mwanangu." Alipiga magoti akamfunga kifungo cha gauni kilichofunguka. "Bado una njaa?"

"Ndiyo."

Aliinuka, akaenda ofisini. Meneja alimpa pole kwa moyo wote, akamruhusu aondoke saa nne, ila kwanza achome magunia ya juu, maana bei ilikuwa imeanza kusogea na wanunuzi wangetaka kujua ubora. Akapanda ngazi. Akadunga, akauma, akatema. Mahindi yalikuwa makavu, safi, daraja la kwanza, na ndivyo alivyomwambia karani.

Huko getini mlinzi aliwaomba walio kwenye foleni wasogee kidogo. Malori manne ya mavuno mapya yalikuwa yanaingia. Walisogea wote. Mtoto hakujua asogee upande gani, bibi akamshika mkono.