King'ora cha Zimamoto

Duka langu la magodoro linatazamana na kituo cha zimamoto, na ndiyo maana nililipanga. Godoro likishika moto halikupi nafasi ya kuvaa viatu, na mama yangu, ambaye miguu imemgomea, analala chumba cha juu. Kwa hiyo milango ya kituo ilipoacha kufunguliwa, tangu jeshi letu lipelekwe ng'ambo kwenye vita vya watu, roho yangu haikutulia.

Mkuu wa kituo ni shemeji yangu, mume wa dada. Kila nikimuuliza, jibu lilikuwa gari liko kwenye matengenezo. Wakati huohuo king'ora kilijaribiwa kila asubuhi, na vijana wake walimwaga maji mlangoni ungedhani wametoka kuliosha. Nikajisemea, huyu ameliuza. Mimi si wa kufanywa mjinga mchana kweupe.

Nikazunguka nyuma, nikachungulia dirishani. Ndani mlikuwa na king'ora juu ya meza, basi.

Alinikuta palepale. Badala ya kukasirika alinywea, akaniambia gari lilichukuliwa likawapelekee askari maji, pamoja na ambulensi za hospitali na magreda ya barabara. Vita vilikuwa vimekula mpaka matairi ya akiba, na wananchi hawakutakiwa kujua.

"Shemeji, nakuomba hili liishie hapa," alisema. "Watu wakijua tupo, wanalala."

Nilimwamini nusu tu. Nilinyamaza kwa ajili ya dada.

Baada ya siku chache, adhuhuri, waya ulipiga cheche stoo kwangu. Majirani hawakungoja kuitwa. Walipanga mstari kutoka bombani, wakapokezana ndoo, fundi viatu akiwa mbele, na moto ukaanza kupungua. Hapo ndipo shemeji, sijui kwa mazoea au kwa aibu, alipowasha king'ora.

Watu wakashusha ndoo. Wakasogea pembeni kupisha njia, wengine wanapiga makofi.

"Gari halipo!" nilipiga kelele. "Mwageni maji, hakuna gari linalokuja!"

Fundi viatu alinitazama kwa jicho baya, jicho la kumtazamia mtu mwenye lake jambo. Alinishika mkono, akanivuta nyuma.

"Hivi wewe una nini?" aliniuliza. "Shemeji yako anakuja kukuokoa, wewe unamzuia?"

Wote walikuwa wamegeuza shingo kituoni, ndoo zimejaa miguuni mwao. Juu, mama alikuwa ananiita.