Maji ya Mwanangu

...na hicho kifuniko sijui kimeingia wapi, dada ameshainama chini ya meza, ameshapekua kabati la vyombo, sasa anapapasa nyuma ya ndoo kwa mkono mmoja, na mimi nimesimama hapa katikati ya jiko lake na chupa imejaa mpaka shingoni, nimeiziba kwa kiganja nisije nikamwaga, maji baridi, safi machoni, ukiyainua kwenye mwanga wa dirisha huoni hata unyuzi, tope angalau lingekuonya, haya hayasemi kitu. "Usiiweke chini, hiyo meza ina mguu mbovu," anasema dada bila kunitazama, haya dada, siiweki, nitaiweka wapi mimi. Mfukoni mwa shati nina kile kichupa cha kioo, kidogo, hakizidi kidole gumba, alipotoka uani kuanika nguo nilichota kwenye pipa lake hili hili la bluu, nikatia kidonge cha kupimia, nikatikisa, maji yenye dawa ya kuua vijidudu hugeuka rangi ya waridi, hilo kila mtu kazini analijua, hata mfagiaji, nikangoja, nikatikisa tena, nikajiambia labda kidonge kimechuja, nikatia cha pili, maji yakabaki vile vile meupe, hamna dawa hata chembe, na kama dawa haikufika basi vilivyoingia njiani vyote vizima, vinaogelea, viko humu chini ya kiganja changu vinangoja kifuniko kipatikane viende hospitali kumwona mama.

Mpango ninao, si kwamba sina, nikishatoka nikapinda kona ile ya kinyozi naimwaga yote mtaroni, nanunua maji ya dukani, naijaza chupa, mama anakunywa, anapona, dada hajui, mama hajui, kazini hawajui, nani kaumia, ni mpango mzuri kabisa, nimeupanga tangu jana pale daktari aliponivuta pembeni akaniuliza huyu mama anakunywa nini, maana siku ya tatu homa ilishuka, akaomba uji mwenyewe, siku ya tano ikampanda upya, tumbo limekuwa gumu kama ubao, homa ya matumbo haina tabia hiyo mgonjwa akiwa kwenye dawa, anakunywa nini, nikasema maji tu daktari, akasema maji ya wapi, ya hapa wodini tunayachemsha, na mimi, mtu mzima, mpimaji wa maji, nikasema sijui. Sijui! Wakati chupa iko pale kichwani pa kitanda imeviringishwa kitambaa cha dada, na muuguzi kashaniambia kwa kucheka kwamba mama yako ana maringo, tukimpa maji yetu anageuzia uso ukutani, anasema niletee maji ya mwanangu, mwanangu ndiye anayeyapima, haya yenu simjui aliyeyapima. Mama yangu. Alivyokuwa akilitamka hilo neno anapima, utadhani napima dhahabu.

"Labda kimeanguka uani," anasema dada, anachungulia mlangoni, anarudi, na kwenye moto pale hakuna birika, zamani lilikuwapo, nalikumbuka, jeusi, mkono umefungwa kwa waya, kila asubuhi dada anachemsha, anapooza, anachuja kwa kitambaa cheupe, mpaka siku ile nilipokuja kula nikamwona analiinjika, nikaangua kicheko, dada, unapika maji utadhani maharage, hayo nimeyapima mimi kwa mikono yangu, unayachemsha ya nini, unanitukana? Nilisema hivyo, unanitukana, shemeji akacheka, na dada akaona haya, ndiyo, akaona haya mbele yangu, akalishusha birika, na majirani nao wakaacha kuchemsha, kwa sababu dada alitembea nyumba kwa nyumba akijisifu, sisi tuna Bwana Maji wetu, msipoteze mkaa bure. Bwana Maji. Na mimi nikipita njiani wakiniita hivyo naitika kwa mkono, kifua mbele.

Bwana Maji wa bomba moja, hilo ndilo jina langu kamili, kwa maana sampuli ni tano, mitaa mitano, chupa tano zenye vibandiko vitano, na sheria ni uende kila mtaa, mpaka bomba la mwisho kabisa, lakini siku yangu ya kwanza kazini yule mzee niliyempokea kazi alinichukua mpaka kwenye kibanda cha mlinzi, hatua thelathini kutoka kwenye tangi, akafungua bomba la mlinzi, akajaza chupa zote tano pale pale, akaniambia kijana, maji haya ni baba mmoja mama mmoja, ukiwa umemwona mmoja umewaona wote, jua kali, kaa kivulini. Nikaona ni hekima, maskini mimi, miaka kumi na moja nimeiona hekima, chupa tano, bomba moja, mlinzi akinishikia vifuniko, na kila wiki waridi, waridi, waridi, kwa nini isiwe waridi wakati dawa inatiwa hapo hapo mgongoni pako, ungeshangaa isingekuwa. Na fundi wa mabomba alikuja, hilo siwezi kusema sikuambiwa, alikuja miezi miwili iliyopita na matope mpaka magotini akasema kule mwisho wa laini bomba limepasuka, limelala ndani ya mtaro wa maji ya vyoo, pampu ikizimwa bomba linanyonya yaliyo nje, nimeona kwa macho yangu, andika barua. Nikamwambia vipimo vyangu vya mtaa huo viko sawa. Akaniangalia. Nikamwonyesha, soma mwenyewe, akasoma, akajifuta mikono kwenye suruali akaondoka, atanibishia vipi, yeye ana matope na mimi nina karatasi, kumbe mwenye kusema kweli alikuwa mwenye matope. Mwisho wa laini ndipo hapa. Ndipo jiko hili. Nilijua ndipo hapa, kila Jumapili nakula hapa, lakini bomba la mwisho lilikuwa kwangu neno la kwenye kibandiko, halikuwa pipa la bluu la dada yangu.

Basi namwaga, nanunua, nafunga mdomo... na kesho? Kesho dada atajaza nyingine, na keshokutwa, nami nitapinda kona ya kinyozi kila siku nikimwaga kama mwizi anayetupa alichoiba, na pipa litabaki hapa limejaa, shemeji anachota, jirani anayenyonyesha anakuja kuomba ndoo, wote wanakunywa na kunishukuru, mficha maradhi kifo humuumbua, huo msemo mama ndiye aliyenifunza, sikujua ananifunza kuhusu yeye. Najichukia. Naliona hilo sasa kwa uwazi, chupa hii nikiimwaga nimeokoa chupa, basi, kinachowaua si maji peke yake, ni jina langu lililo ndani ya maji, na hilo halimwagiki mtaroni, hilo litatoka kwa mdomo ule ule ulioliingiza, na dada atanitazama, Mungu wangu, atanitazama, na bado lazima nirudi kwa daktari nimwambie nilidanganya, na mama ageuzwe uso kutoka ukutani aambiwe kunywa ya wodini, mwanao hakuwahi kufika kwenye bomba lako.

"Aa, nimechoka na kifuniko chako," anasema dada, anajifuta jasho kwa upindo wa kanga, anachukua kikombe cha bati kilichoning'inia, anakitia kwenye pipa, nasikia sauti yake kikizama, anakiinua, matone yanadondoka sakafuni, na kiganja changu bado kiko juu ya chupa, kimekufa ganzi.

"Dada, usinywe."

Kikombe kiko kidevuni, anacheka, anadhani ni utani wetu ule wa zamani. "Kwa nini? Si umeyapima wewe?"

"Nimeyapima," nasema. "Leo asubuhi. Leo ndiyo mara ya kwanza."