Aliyetangulia Mbele ya Machela

Hebu niambie: mgonjwa akibebwa na wanaume wanne kupanda kilima, mvua ikinyesha, na wa tano akatangulia mbele na rozari mkononi, nani kati ya hao watano amefanya kazi kubwa kuliko wenzake?

Mzee Damian Mutembei, au Ta Damian kama walivyomwita kwa Kihaya, katekista wa Kishanda, hakuwa na shaka hata chembe. Ni wa tano.

Ulikuwa mwaka wa pili wa Azimio, na Kishanda hapakuwa na gari. Aliyezidiwa alilazwa kwenye machela ya miti miwili na blanketi, wanaume wakapokezana maili kumi na mbili hadi hospitali ya misheni. Kila nyumba ilitoa bega. Nyumba ya Ta Damian ilitoa rozari. Alikuwa akitangulia hatua kumi, kanzu ameipandisha kidogo isiguse tope, akiongoza Matendo ya Uchungu. Na kwenye mwinuko alipaza sauti zaidi, maana alijua hapo ndipo mzigo unapokuwa mzito.

"Bega ni nyama tu, waitu," aliwaambia. "Kinachomfikisha mgonjwa ni imani."

Padre aliyefika mara moja kwa mwezi aliwahi kumwuliza, "Damian, imani tu bila matendo? Siku hizi umekuwa Mlutheri?" Ta Damian akacheka kwa adabu, akidhani amesifiwa kwa kuijua Biblia.

Karugendo, balozi wa nyumba kumi, alimchoka mapema. Siku ya kuchimba barabara ya kujitegemea, Ta Damian alifungua kazi kwa sala, kisha akaenda kukaa penye migomba.

"Uhuru na Kazi, Ta!" Karugendo alimwita.

"Si ndiyo naifanya? Ninyi mnachimba, mimi nayaombea majembe."

Majembe mawili yalivunjika siku hiyo. Ta Damian alisema bila yeye yangevunjika kumi.

Lakini aliyemsikitisha kuliko wote ni Burhani, Mwislamu aliyetoka Kashai kule mjini kuja kufungua kiduka cha chumvi na mafuta ya taa. Bega la kulia la Burhani lilikuwa na sugu kubwa kama kiazi, maana hakuna machela iliyotoka Kishanda bila yeye.

"Maskini Burhani," Ta Damian alimwambia mkewe Klaudia. "Bega zuri namna ile, na mbinguni haliingii."

Klaudia alikuwa akimenya ndizi. Hakuinua macho. "Basi lingepata hata siku moja ya kupumzika hapa duniani."

Ikawa Jumanne moja ya mwezi wa Machi, asubuhi, Ta Damian akainama kufunga kamba za viatu. Ngiri yake, aliyoificha miaka sita kwa mkanda wa kitambaa chini ya kanzu, ikashuka na kukataa kurudi. Kufika saa nne alikuwa anatapika, tumbo gumu kama ngoma. Dresa wa zahanati alikuja akambonyeza, akanawa mikono, akasema, "Hospitali, leo hii. Jua likizama bado yuko kitandani hapa, msiniite tena."

Klaudia akapiga yowe. Watu wakaja mbio, na machela ikaja, ikaegemezwa ukutani.

"Ngiri?" Karugendo alinong'ona mlangoni. "Ameipatia wapi, kwa kuinua rozari?"

Kisha wote wakapiga magoti juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni. Hawakuwa na hila. Miaka kumi na nane walikuwa wamefundishwa, wakafundishika. Mgonjwa wa kawaida, sawa, anahitaji mabega. Lakini mtu wa imani kama Ta Damian! Kumbeba si kungekuwa kumtukana? Ma Alistidia, aliyekuwa mkubwa wa kina mama wa kigango, akafanya ishara ya msalaba na kuanza.

Tendo la kwanza Ta Damian aliitikia. La pili alilisikia kwa mbali, kama redio ya jirani. Akapiga hesabu: kati ya matano yamebaki matatu, halafu litania, halafu maili kumi na mbili. Kulikuwa na neno alilotaka kulisema. Neno lenyewe lilikuwa fupi, lakini lingebomoa mahubiri yote aliyowahi kuhubiri. Akafungua kinywa. Watu wakanyamaza kwa heshima, wakijua sasa ataongoza mwenyewe.

"Ongezeni bidii," alisema.

Wakaongeza bidii.

Burhani alikuwa amesimama penye kizingiti, hajui magoti ayaweke wapi. "Ta," alisema, "sala zenu mimi sizijui. Nilikuja na hili tu." Akaligusa bega. "Sasa nasikia wewe hulihitaji. Nirudi dukani?"

"Ngoja," Ta Damian akasema upesi.

"Ningoje nini, Ta?"

"Burhani, usimharakishe mzee," Karugendo akadakia. "Anaiombea machela, itaondoka yenyewe."

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Klaudia hakucheka. Aliinama sikioni kwa mumewe, jasho lake Damian likamlowesha shavu.

"Damian, mimi kusali sijui sana, ila uso wako naujua miaka thelathini. Sema mwenyewe. Nikisema mimi, watadhani ni woga wa mwanamke, wataingia kwenye litania."

Ta Damian akawatazama waliopiga magoti. Nyuso zao zilikuwa zimejaa imani tupu, hakuna hata mmoja aliyekuwa ametazama machela. Yeye ndiye aliyewafundisha kutoitazama. Maumivu yakaja tena, yakamkunja kama mkeka. Yalipomwachia akanyoosha mkono, akaushika upindo wa kanzu ya Burhani asiuachie.

"Nibebeni," alisema. Ma Alistidia akanyamaza katikati ya Salamu Maria. "Naogopa kufa, jamani. Nitasali njiani, kimoyomoyo. Burhani, mwanangu, nibebe."