Ndiyo za Kaloleni

Kezia alipita nyumba kwa nyumba Kaloleni, mtaa uliomlea, akiuliza nani atatumia jiko la umeme akipewa. Karibu wote walisema ndiyo. Naye, msomi mzima, tena mtoto wa hapohapo, akasahau kwamba hewala haigombi. Akawaandikia wakubwa wake kwamba watu tisini na sita kwa mia wako tayari.

Majiko yakaletwa. Miezi sita baadaye alirudi kuyakagua, akayakuta yaking'aa juu ya makabati ya sebuleni, yamefunikwa vitambaa vya kufuma kama vyombo vya wageni. Moshi wa makaa haukuwa umepungua hata chembe.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mama yake. Alimkuta ameinamia makaa, akikohoa hadi machozi, kikohozi kilekile kilichomfanya Kezia aipiganie kazi hii.

"Mama, si ulisema utalitumia?"

"Ulitumwa na wakubwa wako, mwanangu. Ningekuaibisha mbele yao?"

Kezia akatoa fomu mpya. Swali la kwanza liliuliza kama jiko linatumika.

Mama akajifuta macho kwa leso.

"Andika ndiyo," akasema, "wasije wakakufuta kazi." Kisha akarudi kupuliza makaa.