Hamisa Katoka Eda

Sema utakavyo, Kiwalani haijapata kuona mjane kama Bi Hamisa. Mumewe, Mzee Mwinshehe, hana hata miezi miwili kaburini, eda bado mbichi, na mama wa watu kasimama mlangoni kajitanda nguo zake nyeupe, anataka kutoka!

"Astaghafirullah!" Wifi yake, Bi Mwanahawa, akauziba mlango kwa mwili wake, na ulikuwa mwili hasa. "Unakwenda wapi, Hamisa?"

"Hospitali."

"Unaivunja eda ya kaka yangu kwa sababu ya miguu kuvimba? Miguu ya mtu mzima huvimba. Uzee huo."

Hapo ndipo Hamisa alipopandwa na hasira. Uzee! Akilala chali anahisi anazama. Kutoka kitandani hadi chooni anahema kama kakimbizwa. Na hivyo hivyo alianza Mwinshehe. Mwaka mzima mzee wa watu alilala kwa kukaa, kaegemea ukuta, nao wote wakamwambia uzee huo, pumzika, kunywa uji. Uji wenyewe alikuwa akiupika Hamisa, na sasa kila akiukumbuka moyo unamuuma.

"Kaka yako kafa na huo uzee," akasema, pumzi zikimkatika. "Mie sifi nao. Shehe kasema mgonjwa ana ruhusa, na hata asingesema ningetoka. Nipishe!"

"Watu watasemaje?"

"Waseme wee! Wakichoka watanyamaza. Najma, mwanangu, nishike mkono."

Wakatoka, mama na binti yake, majirani wakichungulia madirishani. Walikwenda wakipumzika njiani, lakini walifika.

Kwenye kituo cha afya Hamisa alishika mdomo. Mabenchi yalijaa wazee wenzake, wengine walikuja kumzika Mwinshehe juzi tu, na viatu wamevua maana miguu imevimba, haviingii. Daktari, binti mdogo, akamwamkia shikamoo, akamsikiliza kifua, akambonyeza mguu. Shimo likabaki.

"Moyo umechoka kusukuma damu, bibi, ndiyo maana maji yanajaa mwilini. Wazee wengi wanaumwa hivi, ila wanakaa nyumbani wakidhani ni umri. Hauponi kabisa, lakini dawa zipo. Ukizinywa kila siku na chumvi ukapunguza, utalala vizuri."

Hamisa hajakaa sawa, mlango ukasukumwa. Bi Mwanahawa! Kaja kumrudisha mjane nyumbani, tena kwa nguvu. Lakini mwendo umemshinda. Kashika ukuta, jasho linamtiririka, anaitafuta hewa. Muuguzi akaitazama miguu yake iliyofura kwenye kandambili, akamsogezea kiti.

"Sijaja kutibiwa mie," Mwanahawa akasema alipoipata sauti. "Mie uzee tu."

Hamisa akainuka, akamshika wifi yake mabega, akamkalisha kwa nguvu zote alizobaki nazo.

"Kaa hapo! Kaka yako tushamzika. Wewe sikuziki."