Mstari Kwenye Puto

Profesa alilitoa puto mfukoni, limekunjamana kama kisigino cha bibi kizee, akalipuliza mbele ya watahini wenzake. Mikunjo ikatoweka.

"Mnaona? Hata kama ulimwengu mchanga ulianza kwa kutanuka zaidi upande mmoja, ulipovimba ghafla tofauti zote za pande zilifutika. Ukawa sawasawa."

Miaka ishirini alikuwa akila kwa puto hilo, na sisi tukimpigia makofi.

Mdogo wangu ndiye aliyekuwa akitetea tasnifu yake ya udaktari. Aliliomba puto, akalipunguza hewa, akachora mstari kwa kalamu, akalipuliza tena. "Mikunjo imekwenda, Profesa. Mstari huu je?" Mtahini mmoja alicheka, kisha akauona uso wa Profesa akakigeuza kicheko kuwa kikohozi.

Sura ya nne ya tasnifu ilisema hivyohivyo kwa hesabu. Upanuzi ule hufuta karibu kila kitu, ila ikiwepo nguvu iliyoelekea upande mmoja, tena inalishwa na nishati ileile inayousukuma upanuzi, tofauti kidogo hubaki. Kidogo mno, lakini haifi.

"Nani mwingine amezifanya hesabu hizi?" Profesa aliuliza.

"Dada."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa mhadhiri msaidizi, nimekaa nyuma karibu na mlango. Ni kweli nilizifanya, Jumamosi tatu, kwenye meza ya mama, kila mtu na daftari lake bila kuchunguliana. Mara zote tatu tulikutana kwenye namba ileile. Mara ya tatu mdogo wangu alinibeba mgongoni akanizungusha sebule nzima, mama akipiga kelele kwamba tutamvunjia kabati la vyombo.

Lakini asubuhi ile Profesa alikuwa amesimama mlangoni kwangu. "Mkataba wako uko mezani kwangu, mwanangu," alisema, akaenda zake. Mimi si mtoto, nilimwelewa.

"Haya, na wewe ulipata jibu hilohilo?" Profesa aliniuliza sasa, mbele ya wote.

Mdogo wangu hata hakunitazama. Alikuwa akifuta wino kidoleni, ametulia kabisa, mtu aliye na dada yake.

"Sikumalizia," nilisema. "Sina hakika."

Mkataba niliupata, na udaktari wangu baadaye. Yeye walimwambia aiondoe sura ya nne. Akakataa katakata, akatoka bila shahada. Siku hizi ana karakana ya kurekebisha mizani, na wenye maduka humwamini kuliko wakaguzi. Mwaka juzi watu wengine, huko mbali, waliichapisha hesabu ileile. Sasa ninaifundisha. Naandika ubaoni namba iliyopatikana kwenye meza ya mama, chini yake majina ya wageni, na wanafunzi wananakili. Laiti ningekuwa na haya!

"Yaliyopita si ndwele," mama husema, na ukitutazama utamwamini. Kila Jumapili tunakula kwake pamoja. Mdogo wangu huwabeba wanangu mabegani, humtania mume wangu kuhusu kitambi chake, na lango langu lilipolegea alikuja kulitengeneza bila kuitwa mara mbili. Hajawahi kunigombeza hata siku moja. Natamani angenigombeza.

Ila tangu siku ile hajaniita dada. Ananiita Daktari. Kwa upole, kwa adabu zote, mbele za watu na pembeni. Mama anadhani ni kujivunia.

Jumapili iliyopita nilijikaza nikamfuata uani, akinawa mikono. Miaka kumi na tatu nilikuwa nimeyameza maneno yale, na yalitoka yakiwa makavu.

"Nilipata namba ileile," nikamwambia. "Mara zote tatu."

Alifunga bomba. Akakausha mikono taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Najua," alisema. "Tulikuwa wote."

Kisha akanipa taulo.

"Twende, Daktari. Chakula kinapoa."