Pakiti Yenye Mistari Myeusi

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Appolinaire alikuwa ameumwa. Dada yake Nabintu alipimwa kizazi kwa chuma kisichochemshwa, tumbo likaoza, wakamzika. Basi mkewe Viviane alipoanza kutoka damu na mimba ya miezi mitatu, alimfikisha kwenye kliniki ndogo ya Rubondo akiwa ameshakunja ngumi.

Musawo Jamidah, mganga wa kliniki hiyo, alimlaza Viviane kitandani, akachukua pakiti ya chuma cha kupimia. Kitambaa chake kilifungwa kwa utepe wenye mistari myeusi.

"Ile ilishatumikaka!" Appolinaire akafoka. "Ona buchafu! Kamata ile ingine, ya utepe mweupe."

"Hapana, mzee. Hii ndio imepikwa. Ikiiva kwa mvuke, utepe inatoa hiyo mistari. Ile nyeupe bado."

"Uko unaniona mujinga? Nyeusi njo safi?"

Jamani! Masikio alikuwa nayo, lakini hasira zikishapanda masikio ni pambo tu. Alimtandika musawo ngumi ya mdomo, jino likaruka. Pakiti ikaanguka, ikafunguka, chuma kikabiringika sakafuni. Akamkaba koo, akamgonga kichwa ukutani mara moja, mara mbili, kisha akamtia mkononi ile pakiti nyeupe.

"Pima bibi yangu!"

Jamidah akatema damu. "Niue. Hiyo haiingii kwa mtu."

Viviane aliteremka kitandani kwa magoti, akanyakua bakuli la chuma, akambamiza mumewe kisogoni. "Muache! Ni miye njo niko nakufa, haiko weye!"

Ndipo akamwachia. Alimtazama mkewe, akaitazama damu, akaogopa kwelikweli. "Pika ingine basi, musawo. Nakuomba."

"Nusu saa," Jamidah akasema, huku akimdunga Viviane sindano, mdomo wake mwenyewe ukivuja. "Hana nusu saa. Mpeleke hospitali ya Mbarara, haraka!"

Pikipiki ikawabeba, Viviane katikati. Appolinaire alimkumbatia kwa nyuma, akimwomba msamaha sikioni njia nzima, na mkewe akawa anaitikia, anaitikia, hadi mtaa wa Nyamityobora, mjini Mbarara, alipoacha kuitikia.

Hospitalini daktari alifunua shuka, akalirudisha usoni. "Ametoka damu yote hii? Huko kwenu hakuna musawo hata mmoja wa kumpima?"

"Eko," Appolinaire akasema. "Anajua kazi. Nilimupiga."